Taa za Pambo Katika Nyumba ya Muislamu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Miongoni mwa neema alizowaneemesha Mwenyezi Mungu waja wake katika zama hizi ni wepesi wa kupata mwanga. Wazee wetu waliwasha koroboi, kandili na karabai, na kila jioni iliwapasa kufuta kioo, kukata utambi na kutia mafuta. Leo mwenye umeme hubonyeza swichi ukutani na chumba kizima kikawa kweupe. Na hata katika vijiji visivyofikiwa na nguzo za umeme wamo wengi wenye taa ziwakazo kwa nguvu ya jua. Wepesi huu umeleta jambo jingine pamoja nao. Taa haitakiwi tena kuangaza tu, yatakiwa na kupamba pia. Maduka yamejaa thurea za vioo, taa za ukutani, taa ndogo za kulenga picha, na mikanda ya taa za LED ibadilishayo rangi kwa kubonyeza rimoti. Machoni pa wengi nyumba mpya haijakamilika mpaka iwe na dari la jipsamu lililofichiwa taa pembezoni.

Katika jambo hili watu wamegawanyika. Wako wasemao kwamba taa za pambo ni anasa za dunia, na kwamba Muislamu zamtosha taa moja ya kuonea njia. Wako na wengine wasioona mpaka wowote: kila kona hutia taa, na kila taa ina rangi yake, hata mgeni aingiapo sebuleni hajui atazame wapi. Ukiyachunguza makundi haya mawili utaona kwamba lote hili lasema juu ya wingi wa taa, na hakuna aulizaye taa ile imewekwa kwa kazi gani.

Makala haya yakusudia kueleza kwamba pambo la taa ni halali na ni jema, kwa masharti matano: lije baada ya mwanga wa haja, lionyeshe kitu kizuri badala ya kujionyesha lenyewe, lisivunje sitara ya nyumba, lisile riziki ya watoto, na lisilete moto.

NURU NA PAMBO KATIKA QURANI

Katika Sura Yunus, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ameutaja mwanga wa jua na wa mwezi kwa majina mawili mbalimbali. Jua amelifanya dhiyaa, na mwezi ameufanya nuru. Wanachuoni wa tafsiri wameeleza kwamba dhiyaa ni mwanga wenye ukali na joto, na nuru ni mwanga wa upole. Kwa jua watu hufanya kazi zao, na kwa mwezi hujua hesabu ya miezi na miaka, na macho hustarehe kwa kuutazama. Mwenye kuzingatia atajua kwamba mwanga una daraja, na kwamba si kila saa wala si kila mahali pataka jua.

Tena katika Sura al-Mulk, aya ya 5, Mola wetu ataja kwamba ameipamba mbingu ya karibu kwa taa, na neno lililotumika ni masabih, ambalo ni wingi wa misbah, yaani taa. Basi haimkini mtu kusema kwamba taa ya pambo ni mbaya kwa sababu tu ni pambo. Waarabu hata thurea la kuning'inia darini wameliita kwa jina la kundi la nyota, ath-Thurayya, ambalo wakulima wetu hulijua kwa jina la kilimia.

Ruhusa hii ina mpaka wake. Katika Sura al-Aaraf, aya ya 31 yakataza israfu, na aya ya 32 yauliza ni nani aliyeharimisha mapambo aliyowatolea Mwenyezi Mungu waja wake. Aya mbili hizi zakaa pamoja, moja baada ya nyingine, na haifai kuisoma moja na kuiacha ya pili.

Ama aya mashuhuri kuliko zote katika jambo la taa ni aya ya 35 ya Sura an-Nur, ambamo Mwenyezi Mungu apiga mfano wa nuru yake kwa shubaka, na ndani ya shubaka mna taa, na taa imo katika kioo, na kioo chang'ara kama nyota, na mafuta yake ni ya mzaituni uliobarikiwa. Makusudio ya mfano huu ni uongofu katika moyo wa muumini, wala haukuteremshwa kutufundisha kupanga sebule. Hata hivyo mfano hupigwa kwa kitu kijulikanacho. Wafasiri wamesema kwamba mishkat ni kidaka cha ukutani kisichotoboka upande wa pili. Na sababu iko wazi, kwa kuwa taa ikiwekwa humo mwanga wake haupotei nyuma wala pembeni, hukusanyika na kutoka mbele ukiwa na nguvu. Taa ni moja, na mahali pake pamechaguliwa.

NYUMBA YA MTUME NA MISIKITI YA BAADAYE

Yatupasa tukumbuke kwamba nyumba bora kupita zote haikuwa na taa. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, na Bukhari ameipokea hadithi yake, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akisali usiku naye Bibi Aisha amelala mbele yake, na kwamba nyumba za siku zile hazikuwa na taa. Basi asidhani mtu kwamba wingi wa taa ndio wingi wa baraka.

Lakini mwanga ulipopatikana haukukataliwa. Katika mkusanyo wa Ibn Majah imepokewa kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) kwamba wa kwanza kuwasha taa misikitini alikuwa Tamim ad-Dari (R.A.). Karne nyingi baadaye, katika zama za Mamluki, mafundi wa Misri na Sham walitengeneza taa za vioo za kuning'iniza misikitini, wakaziandika kwa rangi na dhahabu. Nyingi katika hizo zina maneno ya Aya ya Nuru shingoni mwake, na ilipowashwa taa, maandishi yaling'ara kwa mwanga uliotoka ndani. Taa za namna hiyo za karne ya 13 na ya 14 zimehifadhiwa hata leo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu mjini Cairo. Hapo pambo lilikuwa na maana, kwa kuwa aitazamaye taa alikuwa akisoma.

WAZEE WETU WA PWANI

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mafunzo. Nyumba za mawe za Lamu, ambazo mji wake uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, zaonyesha jinsi wazee wetu walivyoujua mwanga kabla ya umeme kuwako. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, nao aghalabu haukupita mita 3. Mwanga uliingia kutoka ua wa ndani, ukapita ukumbi mmoja hadi mwingine, na kila ulipokwenda ndani ulipungua. Chumba cha ndani kabisa, ambacho ni cha wenyewe, ndicho kilichokuwa na kiza zaidi.

Wazee walifanya mambo mawili. La kwanza, walizipaka kuta chokaa nyeupe na kuisugua mpaka ikawa laini, ili mwanga mdogo ulioingia urudishwe kutoka ukuta hadi ukuta. La pili, katika ukuta wa chumba cha ndani walijenga safu za zidaka zenye nakshi, wakaweka humo sahani na mabakuli ya kauri yaliyokuja kwa majahazi, na vitabu vyao. Chokaa nyeupe, kauri ing'aayo na vivuli vya zidaka vilitosha kukifanya chumba chenye mwanga haba kiwe na uzuri.

Fundi wa leo akiambiwa apambe chumba kwa mwanga hukimbilia kuongeza taa. Wazee wetu walianza na ukuta. Na hili lafaa hata sasa, kwa gharama ndogo. Ukuta mweupe au wa rangi ya maziwa huurudisha mwanga sehemu kubwa, na ukuta wa rangi nzito huumeza. Mwenye kupaka chumba rangi ya kahawia iliyokoza kisha akalalamika kwamba taa hazitoshi, amlaumu mpaka rangi kabla ya kumlaumu fundi umeme.

MIANGA MITATU YA NYUMBA

Mafundi wanaoijua kazi hii huugawa mwanga wa nyumba katika sehemu tatu, na mwenye nyumba akizijua hatapotea dukani.

Mwanga wa kwanza ni wa jumla, uenezao chumba kizima ili mtu asijikwae. Wa pili ni wa kazi, uangukao mahali ambapo jicho na mkono hufanya shughuli: kwenye meza ya kusomea, kwenye marufaa ya msahafu, jikoni mahali pa kukatia, kwenye cherehani. Wa tatu ni wa pambo, nao ni taa ilengayo kitu maalumu ili kitokeze: mlango wa nakshi, kidaka, fremu yenye aya, chetezo cha shaba. Kwa taratibu hii mwenye nyumba aanze na wa kwanza, afuate wa pili, kisha ndipo aufikirie wa tatu. Nyumba nyingi zimerukia wa tatu, zikauacha wa pili.

Katika kununua globu isitazamwe wati peke yake. Wati ni umeme uliwao, na mwanga utokao hupimwa kwa lumeni. Globu ya zamani ya waya yenye wati 60 ilitoa lumeni kama 800, na globu ya LED hutoa mwanga uo huo kwa wati 8 hadi 10. Tena kuna kipimo cha rangi ya mwanga kiitwacho kelvini, ambacho huandikwa juu ya boksi. Kelvini 2700 ni mwanga wa manjano ulio mpole, unaokaribiana na wa kandili. 4000 ni mweupe wa wastani. Na 6500 ni mweupe wa kuelekea buluu, mfano wa mchana wa mawingu. Wa kwanza wafaa kupumzikia, wa pili wafaa kazi na masomo, na wa tatu wafaa karakana na duka, lakini sebuleni huzifanya nyuso za watu kuwa kama za wagonjwa.

Ama mwanga wa pambo una kanuni yake. Kitu kilengwacho hakitatokeza mpaka kiwe na mwanga kama mara tatu ya ule ulio pembeni yake. Kwa hiyo mwenye kuwasha taa zote za dari kisha akawasha na ya pambo amepoteza umeme wake, kwa kuwa nyota haionekani mchana. Yafaa taa za jumla ziwe na swichi yake na za pambo ziwe na yake, ili moja ipungue nyingine ionekane.

CHUMBA KWA CHUMBA

Sebuleni chagueni kitu kimoja, au viwili visizidi, vyenye kustahili kutazamwa. Ikiwa ni fremu yenye aya au jina la Mwenyezi Mungu, taa iwe juu na mbele yake, iinamishwe kiasi cha digrii 30 kutoka wima. Hapo mwanga utaanguka chini ya fremu, wala kioo chake hakitampiga mtu machoni. Ikiwa ni mlango wa nakshi au ukuta wa mawe, taa iwekwe ubavuni, kwa kuwa nakshi huonekana kwa vivuli vyake, na taa ya mbele huvifuta vivuli hivyo. Lakini taa ya ubavuni haina huruma na ukuta uliopigwa plasta vibaya, hufichua kila kovu. Misahafu ya kale na hati za wazee zisilengwe taa kali muda mrefu, maana wino na karatasi hufifia. Na katika zidaka zisiwekwe sanamu za watu wala za wanyama, kisha zikamulikwa, makatazo ya Mtume (S.A.W.) juu ya sanamu majumbani yajulikana.

Kwenye ngazi na njia ya choo iwekwe taa ndogo ya chini. Hii ni taa ya kuwatazama wazee, kwa kuwa jicho la mtu wa miaka 60 lataka mwanga mwingi kuliko la kijana wa miaka 20, na hukawia kuzoea linapotoka penye mwanga kuingia kizani. Taa ya wati 1 au 2 katika ukuta wa ngazi ni pambo na ni ihsani kwa wazazi.

Jikoni wengi huwa na taa moja katikati ya dari, na mama asimamapo kukata mboga hivuli chake hufunika ubao na kisu. Taa fupi chini ya kabati, mbele yake, huondoa hatari hiyo.

Chumbani mwa kulala, iwe haba na ya manjano. Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura an-Naba, aya ya 10 na ya 11, kwamba usiku ameufanya vazi na mchana ameufanya wa kutafutia maisha. Matabibu nao wamethibitisha kwamba mwanga wenye buluu nyingi huuzuia mwili kutoa homoni iletayo usingizi. Kijana aliyezungusha mkanda wa taa za buluu kitandani mwake, akalala usiku wa manane, kisha adhana ya alfajiri ikampita, ana sababu mojawapo juu ya kichwa chake.

RANGI ZA TAA NA MSOMAJI WA QURANI

Hapa lipo jambo ambalo sisi walimu wa vyuo vya Qurani twaliona, na wazazi aghalabu hawalioni. Watoto huja asubuhi na somo la jana halijashika. Ukimwuliza mtoto amesomea wapi, husema sebuleni. Na ukimwuliza taa gani iliyokuwa ikiwaka, husema ile ya rangi, kwa kuwa ile kubwa imezimwa ili luninga ionekane vizuri.

Wazazi na wajue kinachotokea. Kitu chekundu huonekana chekundu kwa sababu huurudisha mwanga mwekundu ulioangukia juu yake. Chini ya taa nyekundu karatasi nyeupe nayo huwa nyekundu, na herufi nyekundu juu yake hupotea kana kwamba zimefutwa. Chini ya taa ya buluu herufi hizo hizo hugeuka nyeusi, zikachanganyika na nyingine. Na misahafu mingi ya siku hizi huchapwa kwa wino wa rangi ili kumwonyesha msomaji hukumu za tajwidi. Imo ambayo madda hutiwa wekundu. Basi mtoto huyo hakuwa mvivu. Alama alizoambiwa azifuate hazikuwako mbele ya macho yake.

Wazee wetu husema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sebule ing'aayo rangi saba, na ndani yake mtoto akazane kuzitafuta herufi za juzuu, ni mkakasi. Taa ya mezani ya wati 7, yenye mwanga mweupe wa wastani, iwekwe upande wa kushoto wa mtoto aandikaye kwa mkono wa kulia ili kivuli cha mkono kisimwangukie, na iwe ya kwanza kununuliwa katika nyumba. Taa za rangi zingojee siku za furaha, kama usiku wa Idi na harusi, nazo hapo ni nzuri na watoto huzifurahia.

SITARA YA NYUMBA

Sura an-Nur, ambayo ndani yake imo Aya ya Nuru, ndiyo hiyo hiyo iliyofundisha adabu za nyumba. Katika aya ya 27 watu waamrishwa kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za wengine. Katika aya ya 30 na ya 31 waumini waamrishwa kuinamisha macho yao. Na katika aya ya 58 zatajwa nyakati tatu za faragha, mojawapo ikiwa ni baada ya sala ya isha. Ni saa hiyo hasa ambapo taa zote za nyumba huwa zinawaka.

Mchana aliye nje haoni ndani, kwa kuwa nje kuna mwanga zaidi. Usiku mambo hugeuka: ndani huwa kweupe na nje ni kiza, na pazia jepesi lililoficha nyumba mchana kutwa halifichi kitu. Wapita njia huona waketio, walao, na wanawake waliovua mitandio yao wakidhani wamesitirika. Nyumba za wazee zilikuwa na kuta nene na zilielekea uani. Zetu zina madirisha makubwa ya vioo yaelekeayo barabarani.

Dawa yake ni nyepesi. Baba mwenye nyumba na awashe taa zote usiku mmoja, kisha atoke nje ayatazame madirisha yake kama atazamavyo mpita njia. Atakayoyaona yatamfundisha. Aongeze pazia zito nyuma ya lile jepesi. Wala taa yenye nguvu asiiweke ndani kabisa mwa chumba, kwa kuwa mtu apitaye kati yake na dirisha hupigwa kivuli chake juu ya pazia, na umbo lake likasomwa kutoka nje. Taa ikiwa upande wa dirishani kivuli hicho huanguka ukutani ndani.

ISRAFU NA HESABU YAKE

Husimuliwa juu ya Khalifa Umar bin Abdulaziz (R.A.), aliyetawala tangu mwaka 99 mpaka 101 Hijria, kwamba alikuwa akishughulika na mambo ya Waislamu kwa mwanga wa taa ya hazina, na alipoulizwa habari za nafsi yake na ahali zake aliizima, akawasha yake mwenyewe. Taa ile iliwaka kwa mafuta machache sana. Aliitazama haki iliyo ndani ya mafuta hayo.

Nasi tufanye hesabu. Mkanda wa LED wa mita 5, ulao wati 14 kwa kila mita, hula wati 70. Ukiwashwa saa 6 kila usiku, kwa siku 30 hula uniti 12.6. Taa ya kusomea ya wati 7, ikiwashwa saa 3 kila usiku, kwa siku 30 haifikii uniti 1, hula 0.63. Maana yake ni kwamba umeme wa mkanda mmoja kwa mwezi mmoja watosha taa ya mtoto miezi 20. Na mkanda huo ukiachwa kuwaka tangu magharibi mpaka alfajiri, saa 12, na watu wamelala, utakuwa umekula umeme wa masomo wa miezi 40.

Hatusemi kwa hesabu hii kwamba mkanda usinunuliwe. Mwenye wasaa ana ruhusa ya kupamba. Twasema kwamba baba akisema hana uwezo wa taa ya mezani, na darini mwake mwaning'inia thurea, hesabu yake haikusimama. Thurea lenyewe likiwa na globu 8 za zamani za wati 40, lilikuwa likila wati 320. Likitiwa globu za LED za wati 5, mwanga ni ule ule na huliwa wati 40.

MOTO NI ADUI

Katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Musa al-Ashari (R.A.) kwamba nyumba moja Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani. Mtume (S.A.W.) alipoambiwa alieleza kwamba moto ni adui, akaamrisha uzimwe watu wanapolala. Na katika hadithi ya Jabir (R.A.) ameamrisha kufunga milango, kufunika vyombo na kuzima taa, na akatoa sababu kwamba panya huenda akauburura utambi akaiunguza nyumba na watu wake. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba hukumu hii yafuata sababu yake. Taa ya kuning'inia ambayo haihofiwi kuleta moto, yaonekana hakuna ubaya kuiacha.

Basi na tujiulize, taa zetu za pambo zaaminika? Panya yungali nasi, na leo hutafuna waya. Taa za pambo nyingi huuzwa kwa bei ya chini, waya zake ni nyembamba kama uzi, na kile kisanduku chake cha kupunguzia umeme hupata moto kikifichwa nyuma ya pazia au juu ya jipsamu pasipopita hewa. Mara nyingi zote huchomekwa katika kebo moja ya soketi nyingi iliyopitishwa chini ya zulia. Hiyo ni koroboi iliyoachwa wazi, ila utambi wake hauonekani.

Yanunuliwe yenye alama ya ubora ya shirika la viwango la nchi. Afungaye awe fundi umeme aliyesomea, wala si kijana wa jirani ajaribuye. Kisanduku kiwekwe pakavu penye hewa. Waya isipitishwe chini ya zulia. Na kabla ya kulala pambo lote lizimwe kwenye soketi, ibaki taa ndogo ya njia. Mwenye kufanya hivyo kwa nia ya kufuata amri ya Mtume (S.A.W.) atakuwa ameokoa nyumba, ameokoa umeme, na amepata thawabu.

NENO LA MWISHO

Akina mama na akina baba mkusudiao kupamba nyumba zenu kabla ya Ramadhani au harusi, kabla ya kwenda dukani zungukeni nyumba yenu usiku. Tazameni mtoto asomea wapi, mama akata mboga wapi, mzee akanyaga wapi aendapo kutawadha, na mpita njia aona nini. Hapo ndipo pa kutumia fedha za kwanza. Zikibaki, chagueni kitu kimoja kizuri mlicho nacho, mkilengee taa moja, na zilizobaki zipunguzeni. Sebule hiyo haitakuwa na rangi saba, lakini mgeni aingiapo atajua mara moja pa kutazama; na akiikuta aya ya Mola wake yang'ara katika ukuta uliotulia, ataisoma.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie nuru nyumba zetu kwa kusomwa Qurani ndani yake, atie nuru katika nyoyo zetu na katika makaburi ya wazazi wetu, na atulinde na moto wa dunia na wa akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.